Uzi wa Samaki Haubebi Mtu

Mwezi uliopita nilikuwa Katoro sokoni, nimesimama kwenye kibanda cha muuza nyavu nikimsubiri mwalimu mwenzangu aliyekuwa akinunua turubai. Muuzaji alikuwa akimwonyesha mteja mshipi mpya wa nailoni. Alikata kipande, akakizungushia viganjani, akavuta. Uzi ulitoa mlio mwembamba, kisha ukakatika: ta! Watu wakacheka, na muuzaji akasema huo ni wa kuchezea watoto, ngoja alete wa wanaume. Mimi nilikuwa nimeshaikumbatia nguzo ya kibanda kwa mikono yote miwili. Mwalimu mzima wa darasa la sita, mwenye miwani na mkoba, nimeng'ang'ania nguzo ya watu, na yule mteja ananiangalia akijiuliza kama nimepata kizunguzungu.

Haikuwa kizunguzungu. Ilikuwa ule mlio, na ile harufu ya uzi mpya, inayofanana na ya ndoo ya plastiki iliyosahaulika juani. Vilinirudisha kwa bibi yangu kando ya ziwa, nikiwa na miaka kumi, katika wiki ambayo baba yangu alichagua ufito, kopo na uzi wa kuvulia samaki. Wengine wiki kama hiyo wangeikumbuka kwa furaha. Mimi naikumbuka kwa hofu.

Kwanza niwaambie tulifikaje kwa bibi, kwa kuwa mwanamume wa Kisukuma kuhamia ukweni si jambo la kutangaza. Baba alikuwa mchimbaji wa dhahabu upande wa Geita. Alikuwa akishuka kwenye maduara, ndivyo wachimbaji wanavyoyaita yale mashimo yao, nasi tuliishi naye kambini. Mwenzake wa kazi aliitwa Shija, kijana wa Songwa, kule Shinyanga, aliyenifundisha kupiga mluzi kwa vidole viwili, na ambaye kila alipokula kwetu aliusifu ugali wa mama mpaka akaongezewa. Siku moja kamba ilikatika Shija akiwa katikati ya shimo. Sikuonyeshwa chochote. Nilichokiona ni baba akirudi nyumbani asubuhi, saa ambayo hakuwahi kurudi, nguo zake hazina hata chembe ya vumbi. Alikaa mlangoni. Baada ya mazishi mama alifunga mizigo akatupeleka kwao ziwani.

Kule ziwani baba alikuwa mtu mwingine. Hakukaribia kisima. Choo cha shimo nacho alikikwepa, akawa anaenda vichakani na kurudi na kijiti cha kuni mkononi ili ionekane alikuwa na shughuli. Mama alijifanya haoni. Mimi niliona, nikaacha kwenda kisimani peke yangu. Mtoto akimwona baba yake anaogopa, haishii kuogopa kile anachokiogopa baba. Nilianza kuogopa kuku akiruka ghafla, mlango ukijifunga kwa upepo, hata kamba ya kuanikia nguo.

Halafu Jumapili moja akaja Masalu, msimamizi wa lile duara, nyuma ya pikipiki. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Hakukubali hata maji.

"Baba Kabula," alisema, "duara limewekewa matimba mapya, kuta zote zimeshikwa na magogo. Kamba mpya, haijaguswa na mvua. Nafasi yako ipo mpaka Jumamosi. Jumamosi nakuja na pikipiki hii hii. Ukipanda, umepanda. Usipopanda nampa mwingine, na mimi usinitafute tena."

Baba aliangalia miguu yake. "Nipe hiyo wiki," akasema.

Jioni ile nikimsaidia mama kuchambua mchicha nilimuuliza kama baba atashuka tena. Mama hakuwa mtu wa kuwaficha watoto. Alisema, "Ziwa likimkubali, hashuki. Likimkataa, atapanda ile pikipiki." Tangu hapo nikawa nasikia pikipiki hata ambapo hazikuwapo, kwenye mashine ya kusaga, kwenye nyuki, kwenye koo la mbuzi anayecheua.

Sasa, baba hakuwa na mtumbwi wala nyavu, na hakujua kuogelea. Hakuna mvuvi aliyekuwa tayari kumpandisha kwenye chombo chake mtu anayeshika ubao kwa mikono miwili kabla hakijaondoka. Kilichokuwapo ni kitu kimoja tu, chambo cha marehemu babu. Kilikuwa samaki wa kuchonga, mdogo kama kidole gumba, wa ule mti wa majini unaoelea kama kizibo. Alikuwa na macho mawili ya shanga, ndoana mbili ndogo tumboni, na chini ya mdomo kipande cha bati kilichokatwa kama ulimi. Ukimvuta majini ule ulimi unamzamisha, naye anatikisika mkia na kichwa kama furu, wale samaki wadogo wa ziwani, aliyepotezana na wenzake. Sangara wa ufukweni, wanaofukuza dagaa alfajiri, hawawezi kumvumilia. Unamrusha kutoka juu ya mawe, unamvuta, na huna haja ya chombo. Lakini alikuwa mwepesi. Ukimweka kiganjani na kufumba macho hujui kama yupo, na kitu chepesi namna hiyo hakirushwi na kila ufito wala kila uzi.

Aliyejua habari hizi zote ni bibi. Alikuwa amevua na babu tangu usichana wake. Shida ni kwamba bibi na baba walikuwa mtu na mkwewe, na heshima yao ilikuwa ya kizamani. Hawakuangaliana usoni, hawakula pamoja, hawakuzungumza ana kwa ana. Bibi akiwa na neno kwa mkwewe, alinituma mimi. Nisipokuwapo, alilisema kwa sauti kwa kuku au kwa chungu, ilimradi baba awe karibu, na baba naye aliitikia kwa kukohoa. Mimi nilikuwa daraja lao. Kumbukeni hilo, maana ndipo nilipokosea.

Jumatatu baba alikwenda kukata ufito. Nilimfuata. Aliingia kichakani akawa anagonga miti kwa kisu na kutega sikio, anagonga na kusikiliza, kama wachimbaji wanavyochagua magogo ya kushikia kuta. Akarudi na mti mnyoofu, mkavu, usiopinda hata ukiukalia. Ni kweli aliukalia, kuujaribu. Bibi alikuwa ameinama kwenye mtama wake, ametugeuzia mgongo.

"Wewe kuku," alisema kwa sauti, "hivi unataka kuvua au kutwanga?"

Baba alikohoa. Bibi akaniita kando ya nyumba. "Mwambie baba yako, samaki wa mti anarushwa na ncha. Ufito uwe mrefu, mbichi, ncha yake ukiitikisa iiname na kurudi. Ni ufito unaorusha, si mkono." Nilimpelekea baba maneno hayo, neno kwa neno. Akatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu tufike, akasema, "Kitu kinachoinama kikilemewa, mimi sikiamini." Akabaki na mchi wake.

Jumanne ilikuwa zamu ya kopo. Kwetu uzi huzungushiwa kwenye kopo. Mkono mmoja unashika ufito, mwingine unashika kopo mdomo ukielekea majini, na ukirusha, uzi unachomoka wenyewe. Bibi alitoa kopo dogo la maziwa lililosuguliwa ukingo mpaka likawa laini. Baba alilipima kwa macho, akalirudisha, akaokota kopo kubwa la rangi lenye ukingo uliojikunja. Alisema hata kule machimboni ngoma ya kuzungushia kamba lazima iwe nene. Bibi alimwambia mbuzi kwamba kwenye ukingo kama ule uzi utajikwaa kama mlevi kwenye kizingiti. Nikacheka. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka wiki ile.

Jumatano ilikuwa siku ya uzi.

Lazima niwaeleze desturi moja ya kule machimboni. Anayetangulia kushuka ndiye anayeipima kamba. Kila asubuhi, kabla mtu hajaingia shimoni, huyo anaishika kamba kwa mikono miwili, anakunja miguu, ananing'inia kwa uzito wake wote na kuhesabu pumzi kumi. Kisha anasema, "Imebeba." Akishasema hivyo, hakuna anayeuliza tena. Kumuuliza ni kumtukana. Nilishawaona wakifanya hivyo mara nyingi, Shija akifanya vituko, anajifanya amelala usingizi pale hewani.

Bibi alikuwa amempa nyuzi mbili achague. Mmoja ulikuwa mwembamba, umezungushiwa gunzi la hindi, karibu hauonekani. Mwingine ulikuwa mnene, wa kuvulia sangara wakubwa wa mtumbwini, unaokwaruza viganja. Kwa chambo kile jibu lilikuwa moja. Uzi mnene ni mzito kuliko chambo chenyewe. Unabaki na mikunjo, unamshika samaki wa mti mkia asiende popote. Lakini baba hakuuliza. Aliuchukua ule mwembamba akaukunja mara nne, akaupitisha juu ya boriti ya banda la kuni, akajifunga matambara viganjani, akakunja miguu.

Alibaki hewani labda pumzi mbili. Kisha: ta!

Alianguka kutoka kimo cha kiti tu. Mtoto angeanguka vile akainuka anacheka. Baba hakuinuka. Alilala chali kwenye magome ya kuni, macho yamefumba, mikono yote miwili bado imeshika vipande vya uzi juu ya kifua chake, na midomo inakwenda kwa mnong'ono. Nilimsogelea nikasikia anachosema. Alikuwa akisema, "Shija, ngoja. Shija, ngoja." Jasho lilimtoka mpaka kwenye nyusi. Mimi nilisimama pale, sikuweza kumshika wala kukimbia kumwita mama. Sijapata kuogopa hivyo tena, hata nilipojifungua.

Mwisho alijiinua. Akajikung'uta kama mtu aliyeteleza tu njiani. Akaupitisha uzi mnene juu ya boriti, ule wa mtumbwini, nao akaukunja, akaning'inia, akahesabu pumzi kumi zote kwa sauti. "Imebeba," akasema. Na uso ukamtulia.

Bibi alikuwa amesikia kishindo. Aliponiita alikuwa amekunja uso. "Nenda kamwambie baba yako maneno haya, usipunguze: uzi wa samaki haubebi mtu, na hautakiwi kumbeba. Achukue mwembamba. Ufito ukiinama, ufito ndio unaobeba. Uzi unafuata tu."

Nilikwenda. Baba alikuwa amekaa na ule uzi mnene mapajani, anauzungushia kopo taratibu, na mikono yake haitetemeki. Nikaona nikimtajia tena uzi mwembamba ataurudisha juu ya boriti, utakatika tena, naye atalala tena chini akimwita maiti. Sikuweza. Nikasema, "Bibi anasema huo mnene ndio wenyewe."

"Kasema hivyo?"

"Ndiyo, baba."

Akakohoa kwa heshima kuelekea nyumbani kwa bibi. Mimi nikauchukua ule uzi mwembamba nikauficha chini ya kiroba cha muhogo.

Alhamisi alfajiri tukaenda mawe ya ufukweni. Ziwa lilikuwa shwari na dagaa walikuwa wakirukaruka nje kidogo, na nyuma yao mara moja moja maji yalipasuka, sangara akila. Walikuwa mbali kiasi cha upana wa uwanja wa mpira wa watoto. Baba akarusha. Ule mti wake haukuinama hata kidogo, uzi ukatoka kwa mikunjo, ukajikwaa kwenye ukingo wa kopo, na samaki wetu wa mti akaanguka hatua sita mbele ya miguu yetu. Akarusha tena. Hatua saba. Akarusha mpaka jua likapanda na mabega yakamvimba, na sangara hawakujua hata kwamba tupo.

Nilijua sababu. Kila aliporusha niliwaza kusema, na kila nilipowaza nilimwona chali kwenye magome ya kuni. Nilijifariji kwamba kesho atazoea.

Ijumaa alipata njia yake mwenyewe. Kama uzi hauendi mbali, mtu aende mbali. Alikunja suruali akaingia majini, yeye aliyeogopa kisima. Mwanzo mpaka magotini, na chambo kikaanguka karibu kidogo na dagaa. Akaongeza, mpaka mapajani. Upande wa kushoto, umbali wa kutupa jiwe tu, kulikuwa na mafunjo, na mwaka ule ule ndama wa jirani alikuwa amekamatwa na mamba pale pale akinywa maji. Kila mtoto wa pale alikuwa ameonywa. Nilimwita, "Baba, bibi amekataza." Akajibu bila kugeuka, "Bado hatua mbili tu, Kabula. Wapo hapa. Nawaona."

Maji yakamfika kiunoni. Aliinua ule mti mzito kwa mikono miwili juu ya kichwa, mgongo wake uko wazi upande wa mafunjo. Hapo ndipo nilipotazama tena gogo moja. Lilikuwa limelala ukingoni mwa mafunjo tangu tufike, nami nililiona tangu mwanzo. Lakini sasa halikuwa pale. Lilikuwa hatua kadhaa karibu zaidi, na hakukuwa na upepo wala mkondo.

Nilipiga kelele ambazo sikujua ninazo. Sikusema mamba. Nilichopiga kelele ni, "Bibi alisema mwembamba! Bibi alisema mwembamba, baba, nilikudanganya, toka!" Nadhani ni ule ugeni wa maneno uliomtoa. Aligeuka kunitazama, akaona ninakoonyesha, akatupa mti na kopo na kuanza kurudi, akianguka, akiinuka, akimeza maji, mpaka nikamshika shati na tukapanda mawe pamoja kwa magoti. Tulipotazama nyuma gogo lilikuwa limezama. Mpaka leo wapo wanaoniambia lilikuwa gogo tu. Magogo hayazami.

Bibi alifika mbio, kanga begani, na mama nyuma yake. Mimi nililia na kusema yote, uzi chini ya kiroba, maneno niliyoyageuza, kila kitu. Nilijua nitachapwa, na nilitaka kuchapwa. Baba alikuwa amekaa juu ya jiwe, maji yanamchuruzika.

"Uliogopa," alisema.

"Niliogopa, baba."

"Ng'wana wane," akasema kwa Kisukuma, mwanangu, kisha akainamisha kichwa. "Mimi pia niliwahi kusema uongo kwa sababu ya woga. Ila mimi sikupiga kelele kwa wakati."

Sikumuuliza uongo gani. Nilifurahi tu kwamba sichapwi. Bibi alijifunika kanga mpaka usoni, akaugeukia mwamba uliokuwa karibu na baba, na kwa mara ya kwanza hakunituma mimi wala hakumtafuta kuku. Alisema, "Wewe jiwe, umenisikia? Kesho alfajiri utaketi hapo hapo ulipo, huingii majini. Nitakuja mwenyewe na ufito."

Akaja. Jumamosi alfajiri alikuwapo kabla yetu, na ufito mbichi aliokata yeye, mrefu, ncha yake inacheza yenyewe, una vipete vya waya vya kupitishia uzi. Akaleta kopo dogo la maziwa na ule uzi mwembamba. Alikaa ametugeuzia mgongo, akawa analielekeza jiwe. "Usitumie nguvu. Ulete nyuma polepole, usubiri ncha iiname, halafu iachie irudi yenyewe." Baba akafanya hivyo. Nilisikia uzi ukichomoka kwenye kopo, sauti nyororo ya kunong'ona, na samaki wa mti akaruka, akaruka, akaenda kutua pale pale dagaa walipokuwa, sisi tukiwa tumekaa pakavu.

Mara ya tatu sangara alinasa. Uzi ukalia, ule mlio mwembamba wa kabla ya kukatika, na ufito ukajikunja mpaka nikaona umekwisha. Baba alifumba macho. Naapa, alifumba macho na kuinua bega, kama mtu anayengoja kupigwa. Mimi niliziba masikio.

"Mwachie aende!" bibi alilipigia jiwe kelele. "Mwachie uzi! Akichoka atarudi!"

Baba akauachia uzi uteleze koponi. Sangara akaenda, ufito ukainama naye na kuinuka naye, na ule uzi usioonekana haukukatika. Akaenda tena, akarudi. Tulipomtoa alikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima, na macho yake yalimetameta kwa rangi ya chai. Baba alimshikilia kifuani akitetemeka, na safari hii hata mimi niliona kwamba si kwa woga. Tuliwapata watatu kabla jua halijawa kali.

Nilijua tumeshinda. Mama aliwapasua na kuwabanika, nami nikazunguka uwanja mzima nikiimba. Saa sita nilisikia pikipiki, na safari hii haikuwa nyuki.

Masalu aliteremka. Baba alikuwa ameshaoga na kuvaa shati lake la kanisani. Aliingia ndani, akatoka na samaki wawili waliobanikwa, wamefungwa kwenye gazeti, akamwambia mama neno sikioni. Mama akaitikia kwa kichwa huku machozi yakimtoka. Kisha baba akapanda pikipiki.

Nilimshika mguu. Nilimwambia ziwa limemkubali, yeye mwenyewe ameona, uzi umebeba. Alibandua vidole vyangu kimoja kimoja. "Nitarudi," akasema. Ndivyo Shija alivyokuwa akisema kila asubuhi. Nikaokota jiwe nikaitupia pikipiki, nikaikosa, nikalala mavumbini.

Siku nne sikula vizuri. Mama aliniambia hakuenda kushuka, nami sikumwamini, nikadhani kwa mara ya kwanza ameanza kuwaficha watoto. Siku ya tano jioni baba alikuja kwa miguu kutoka barabarani, vumbi jekundu limemfika magotini. Hakusema alikotoka. Alichukua ndoo, akaenda kisimani, akainama, akachota maji mwenyewe. Hakushuka duarani tena mpaka leo.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba ni samaki watatu waliomwokoa baba. Hadithi nzuri, niliwasimulia hata wanafunzi wenzangu. Kisha nilipokuwa chuo cha ualimu Shinyanga, mama alinituma Songwa kupeleka samaki wakavu kwa mama yake Shija, kama walivyopelekwa kila mwaka, bila mimi kujua kwa nini hawakosi. Yule mama alinipokea, akanitazama nilivyosimama mlangoni na furushi langu la gazeti, akasema, "Mayu we! Hata kusimama unasimama kama baba yako."

Ndiye aliyenieleza. Asubuhi ile baba ndiye aliyepaswa kutangulia, na kuipima kamba ilikuwa zamu yake. Usiku alikuwa ameota shimo limefunga mdomo. Alipofika aliishika kamba kwa mikono, akaogopa hata kuinua miguu kutoka chini. Wenzake walikuwa wakimtazama. Akasema, "Imebeba." Kisha akasema tumbo linamuuma, na Shija, ambaye hakuuliza, maana kuuliza ni kutukana, akatangulia badala yake.

"Baada ya mazishi alikuja hapa na samaki wawili," yule mama alisema. "Nikamkaribisha kiti, akakataa. Akaniambia nisimkaribishe kwanza, mpaka nijue ninamkaribisha nani. Akayasema yote akiwa amesimama."

"Ukamwambiaje, mama?"

"Nilimfukuza. Nilimtupia hao samaki wake." Alikunja na kukunjua gazeti. "Mwaka uliofuata akaja tena, akasimama pale pale. Na uliofuata. Mwaka wa nne nikachoka kumwona amesimama, nikamwambia akae."

Hayo ndiyo niliyokuwa nayawaza nikiwa nimeikumbatia nguzo ya muuza nyavu Katoro. Nilipoiachia nilimwomba anipimie uzi.

"Upi, mwalimu?"

"Huo uliokatika."

Alinionea huruma kidogo, nikaona, lakini akanipimia. Nilipomfikishia baba, ambaye sasa ni mzee na mabega yake yamekwisha, aliunusa, akauvuta taratibu kati ya vidole viwili mpaka ukaanza kulia, akauachia. Hakutazama juu ya boriti. Akaanza kuuzungushia kwenye kopo la maziwa, na bila kuinua kichwa akaniuliza kama Mama Shija ameshapata samaki wa mwaka huu.